Bwawa Tupu Ndilo Linalookoa

Bwawa la kuzuia mafuriko likiwa katika hali nzuri, mpita njia anaweza kudhani limetelekezwa. Ataona tuta refu la udongo lililokatiza bonde, majani yake yamefyekwa, bomba la saruji limechungulia upande wa chini, na nyuma ya tuta hakuna maji, au yapo ya kufika magotini tu. Atajiuliza kwa nini watu walihangaika kubeba udongo wote ule kisha bonde likaachwa wazi. Jibu huja na mvua kubwa. Usiku huo bonde hujaa kwa saa chache, bomba huyatoa maji kidogo kidogo, na wanaoishi chini ya kijito huamka asubuhi nyumba zao zikiwa kavu.

Kisangani ina kila sababu ya kuhitaji mabwawa ya namna hiyo. Ina pia watu wanaojua kujenga matuta ya udongo kwa jembe, koleo na kapu. Lakini matuta mengi tunayoyajua katika vijiji vinavyouzunguka mji yamejengwa kwa ajili ya samaki, na mwenye samaki hutaka maji yajae. Anayeogopa mafuriko hutaka nafasi. Mahitaji hayo mawili yakichanganywa bila mpango, tuta tunaloliita kinga ndilo linalogeuka kuwa hatari.

Mto mkubwa na kijito

Mji wetu umekaa mahali pa maji. Mto Kongo unapita katikati, Lubunga ikiwa ng'ambo ya kushoto na komini nyingine tano, Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo na Kisangani, zikiwa upande wa kulia. Mto Tshopo unapita kaskazini na kuingia katika Lindi. Mvua ya mwaka hukaribia milimita 1,700 hadi 1,800, na hakuna mwezi unaopita bila mvua kabisa. Vilele vyake ni viwili, kimoja karibu na Aprili na Mei, kingine kati ya Septemba na Novemba.

Tunapozungumza juu ya mafuriko hapa, tutenganishe aina mbili. Ya kwanza ni ya mto wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2023 Mto Kongo ulifurika katika majimbo mengi, Tshopo ikiwemo, na Januari 2024 kimo chake huko Kinshasa kilifika mita 6.20, karibu sana na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961. Maji hayo hupanda polepole, hukaa wiki nyingi, na hutoka katika bonde kubwa kuliko nchi nyingi za Afrika. Hakuna tuta la kijiji linaloweza kuyazuia. Anayeahidi kuwa baraji ndogo ya udongo itaukinga ukingo wa Lubunga dhidi ya Mto Kongo anawadanganya watu.

Aina ya pili ni ya vijito. Mvua ya saa mbili inanyesha, na mfereji ambao asubuhi mtoto aliuruka kwa hatua moja unageuka kuwa mto wenye nguvu ya kubomoa ukuta wa matofali ya udongo. Mafuriko haya huja upesi na huondoka upesi, na yanazidi kadiri pori linavyokatwa kwa ajili ya shamba na makaa, na kadiri mabati na njia zilizokanyagwa zinavyochukua mahali pa majani. Hapa ndipo tuta dogo, likijengwa juu ya kijito kabla hakijafika kwenye nyumba, linaweza kufanya kazi ya maana.

Hesabu ya mvua moja

Tuchukue mfano. Kijito kinakusanya maji kutoka eneo la kilomita moja ya mraba, na mvua ya milimita 60 inanyesha juu yake. Hizo ni mita za ujazo 60,000. Tuseme nusu inazama ardhini na nusu inateremka. Mita za ujazo 30,000 zikifika ndani ya saa mbili, kijito kitabeba zaidi ya mita za ujazo 4 kila sekunde. Kwa nyumba za udongo zilizo bondeni, hayo ni maangamizi.

Sasa tuweke tuta lenye bomba linalopitisha mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Katika saa hizo mbili bomba litatoa takriban mita za ujazo 4,300, na zinazobaki, kama 26,000 hivi, lazima zipate mahali pa kukaa. Bonde la hekta moja lenye kina cha wastani cha mita 2.6 linatosha. Mvua ikikatika, bomba linaendelea kutoa, na baada ya saa 12 hivi bonde ni tupu tena, tayari kwa mvua ya kesho. Watu wa chini hawakuziona zile mita za ujazo zaidi ya 4 kwa sekunde. Waliona 0.6, chini ya sehemu moja ya sita.

Siri yote ya kazi hii ni ile nafasi ya mita za ujazo 26,000. Bonde hilohilo likiwa limejaa maji ya samaki hadi juu kabla ya mvua, tuta haliwezi kupunguza mafuriko kwa kiasi cha maana. Kila kinachoingia lazima kitoke, na kama njia ya kutokea ni nyembamba, maji yatapita juu ya tuta. Tuta la udongo likishapitwa juu na maji, mara nyingi halimalizi usiku. Maji hukwangua mteremko wa nyuma, mwanya unafunguka, na maji yaliyohifadhiwa kwa miezi hushuka kwa dakika chache pamoja na yale ya mvua.

Urithi wa mabwawa ya samaki

Matuta yetu yana historia. Baada ya Vita Vikuu vya Pili utawala wa Wabelgiji ulihimiza ufugaji wa samaki Kongo nzima ili kupunguza upungufu wa nyama, na kituo cha utafiti kikaanzishwa Kipopo, karibu na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 nchi ilikuwa na mabwawa ya samaki zaidi ya 100,000, mengi yakiwa madogo sana, ya udongo, ya tilapia. Baada ya uhuru wa 1960 mengi yaliachwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa kujitolea kutoka Marekani walisaidia kuyafufua katika majimbo kadhaa, na tangu hapo familia nyingi zimeendelea zenyewe kuziba kijito, kufuga tilapia na ngolo, na kulipa karo ya shule kwa samaki hao.

Kazi hiyo ina heshima yake, na sitaki mtu asome makala haya akaenda kubomoa bwawa la jirani. Nataka tuangalie jinsi bwawa la samaki linavyotawaliwa. Katika yale yaliyojengwa vizuri, maji hutoka kupitia mnara mdogo wa saruji au matofali wenye mifereji ambamo mbao huteremshwa moja juu ya nyingine. Ukitaka maji yapande, unaongeza ubao. Ukitaka yashuke, unautoa. Mbele ya mbao huwekwa wavu ili samaki wasitoroke. Katika yale yaliyojengwa kwa haraka, mnara haupo: kuna bomba moja, au hakuna hata hilo, na maji ya ziada hupita popote yanapoona pa chini.

Ubao mmoja wa sentimita 20 unaoongezwa juu ya bonde la hekta moja unakula nafasi ya mita za ujazo 2,000. Mbao tatu ni 6,000. Hakuna anayeamua siku moja kuondoa kinga ya kijiji. Inaondoka ubao kwa ubao, kila mara kwa sababu nzuri ya samaki.

Wavu uliozamisha mji

Mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili umetokea mbali na kwetu. Katika milima ya Pennsylvania, Marekani, serikali ya jimbo ilijenga bwawa la udongo la South Fork katikati ya karne ya 19 ili kulisha mfereji wa meli. Lilikuwa na mabomba ya chini ya kupunguzia maji na njia ya pembeni ya maji ya ziada. Baadaye mabomba yaliondolewa na hayakurudishwa. Klabu ya matajiri ilipolinunua iwe mahali pa mapumziko na uvuvi, kilele cha tuta kilishushwa kidogo ili magari ya farasi yapishane, na wavu wa chuma ukawekwa kwenye njia ya maji ya ziada ili samaki wasipotee. Ziwa likawa linakaa limejaa.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka na matawi vilinasa katika wavu ule. Wafanyakazi walijaribu kuusafisha na kuinua tuta kwa koleo, lakini walikuwa wamechelewa. Tuta lilipitwa na maji, likakatika, na mji wa Johnstown ulio bondeni ukapoteza watu zaidi ya 2,200. Yeyote mwenye bwawa la samaki kando ya Kisangani, ambaye ameweka wavu kwenye njia ya maji ya ziada, anafanya kwa udogo kile kilichofanyika pale kwa ukubwa.

Karibu nasi zaidi kuna Solai, katika kaunti ya Nakuru, Kenya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya masika yenye mvua nyingi kupita kawaida, bwawa la udongo lililokuwa limejaa maji ya kumwagilia shamba kubwa la biashara lilikatika juu ya mteremko. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao wakiwa nyumbani, wengi wao watoto na wanawake. Mamlaka ya maji ilitangaza kuwa mabwawa ya shamba hilo hayakuwa na kibali, na mengine yaliyobaki yakatolewa maji kwa tahadhari. Ukaguzi wa kibali ulipaswa kufanyika watu hao wakiwa bado hai.

Nafasi huibwa kwa njia nyingine

Mchanga nao huiba. Bwawa la Ikowa katika mkoa wa Dodoma, Tanzania, lilijengwa miaka ya 1950. Watafiti wa Dar es Salaam na Uppsala walipolipima, pamoja na mengine matatu ya jirani, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1972, walionyesha kuwa udongo uliokuwa ukisombwa kutoka mashamba na malisho ya juu ungeyajaza mabwawa hayo ndani ya miongo michache. Tuta linaweza kubaki imara kabisa huku nyuma yake pamejaa tope. Ndiyo maana anayejenga bwawa bila kushughulikia mashamba yaliyo juu yake, kwa kupanda majani kwenye kingo za kijito na kuacha miti isimame, amejenga shimo la taka.

Na njia ya kutokea huzibwa. Tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, Kenya, watu zaidi ya 50 walikufa baada ya kalvati iliyo chini ya tuta la reli ya zamani kuzibwa na takataka. Hapakuwa na mhandisi aliyekusudia kujenga bwawa mahali pale. Tuta la reli lilijigeuza bwawa lenyewe, likajaza maji, kisha likaachia. Sisi tunayo reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125 kutoka Lubunga, iliyofunguliwa mwaka 1906, na tunazo barabara za udongo zinazovuka vijito vingi juu ya mabomba membamba. Kila tuta la barabara lenye bomba lililoziba ni bwawa lisilo na mwenyewe.

Hata bwawa lililojengwa kwa makusudi ya kuzuia mafuriko halijilindi. Derna, nchini Libya, ilikuwa na mawili, yaliyojengwa miaka ya 1970 na kampuni ya Yugoslavia kwa mawe na kiini cha udongo wa mfinyanzi. Mtafiti wa chuo kikuu alionya mwaka 2022 kwamba yanahitaji matengenezo ya haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023 dhoruba ilipoleta mvua isiyo ya kawaida, yote mawili yalikatika na maelfu ya watu wakasombwa hadi baharini. Watu walikuwa wamejenga bondeni kwa kuamini kuwa mabwawa yapo.

Tuta jema hujengwaje

Tuta la udongo si kazi ya kubahatisha, ingawa halihitaji mitambo mingi. Kwanza majani, mizizi na udongo mweusi wa juu huondolewa, kwa sababu mizizi ikioza huacha njia za maji. Kisha huchimbwa mtaro katikati ya msingi hadi kwenye udongo mgumu, na mtaro huo hujazwa mfinyanzi. Udongo wa tuta huwekwa kwa tabaka za sentimita 20 hivi, ukiwa na unyevu wa kutosha kushikana mkononi, na kila tabaka hushindiliwa kabla ya nyingine kuwekwa. Udongo mwekundu wa kwetu wenye mchanga na mfinyanzi unafaa ukichaguliwa. Ukiwa na mchanga mwingi haufai.

Mteremko uwe mlalo: kwa kila mita moja ya kwenda juu, mita mbili na nusu hadi tatu za kwenda pembeni. Kilele kibaki walau mita moja juu ya kimo cha kawaida cha maji ya ziada. Njia ya maji ya ziada ichimbwe pembeni, kwenye ardhi ya asili, pana na yenye majani mafupi. Isipitishwe juu ya udongo uliojazwa, wala isiwekewe wavu. Bomba la chini lishindiliwe kando zake kwa mkono, kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote, maana maji hupenda kujipenyeza kandokando ya bomba.

Kupenya huko ni hatari sawa na kupitwa juu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba karibu nusu ya mabwawa ya udongo yaliyokatika yalipitwa juu na maji, na karibu nusu nyingine yaliliwa kutoka ndani. Mchwa, kaa na panya hutoboa. Mizizi ya mchikichi na miti mingine hutoboa. Kwa hiyo juu ya tuta ziote nyasi fupi tu. Na mlinzi wa tuta aijue alama moja kuliko zote: maji machache maangavu yanayojitokeza upande wa chini yaangaliwe kila siku, lakini yakigeuka kuwa ya tope, watu wa chini waondoke saa hiyohiyo.

Je, samaki wasahauliwe? Hapana. Bonde lile la hekta moja linaweza kuwa na maji ya kudumu ya mita moja chini, yenye tilapia, na nafasi ya mafuriko juu yake, mradi tuta liwe refu zaidi na mnara ujengwe wenye tundu kubwa la wazi juu ya kimo cha samaki, lisiloweza kuzibwa kwa ubao. Sehemu ya juu inayozama mara chache kwa mwaka inaweza kulimwa lengalenga na matembele. Mwenye shamba atapoteza mazao mara moja moja, na ni haki hasara hiyo ilipwe na wale wanaokingwa.

Nani mwenye tuta?

Marekani imejenga karibu mabwawa 12,000 ya namna hii katika mabonde ya mashambani tangu mwaka 1948, mengi kwa sheria ya mwaka 1954. Kila moja lilikuwa na taasisi ya mahali iliyotia sahihi kwamba itafyeka, itakagua na itatengeneza. Mengi yalipangiwa umri wa miaka 50, na leo yanadai fedha za ukarabati. Hata kwa taifa tajiri, kujenga kulikuwa sehemu nyepesi ya kazi.

Kwetu sheria zipo. Sheria Na. 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inahitaji athari za miradi kwa mazingira zichunguzwe kabla ya kujenga, na Sheria Na. 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasimamia maji. Chuo Kikuu cha Kisangani kina wanafunzi wanaoweza kupima vijito na kuchora ramani ya kila tuta. Salongo, kazi ya pamoja ya jamii, tunaijua. Kinachokosekana ni jina la mtu na jina la kamati kando ya kila tuta: nani anafyeka, nani anasafisha bomba kabla ya Aprili na kabla ya Septemba, nani anaamka usiku wa mvua, nani anapiga simu kwa mkuu wa kijiji cha chini.

Wenye mabwawa ya samaki waondoe wavu kwenye njia za maji ya ziada na watoe ubao mmoja kila msimu wa mvua unapokaribia. Serikali ya jimbo la Tshopo iorodheshe matuta yote, ya samaki, ya barabara na ya reli, na ianze na yale yenye nyumba chini yake. Na wafadhili wanaotaka kutujengea mabwawa mapya waombwe kwanza kuonyesha fungu la matengenezo ya miaka 20, si picha ya siku ya uzinduzi. Mahali ambapo haijulikani nani atalifyeka tuta na nani atalisafisha bomba, ni salama zaidi bonde likabaki bila tuta.